Kujifunza Gitaa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wanaoanza gitaa, kuanzia Mtwapa hadi Likoni. Nimeyajibu kwa urefu pale panapohitaji urefu. Ukiwa na haraka, soma jibu la mkono wa kulia na lile la hewa ya bahari. Hayo mawili ndiyo yanayopuuzwa zaidi, na ndiyo yanayowakatisha watu tamaa.

Nianzie wapi: kwa mwalimu, kwenye simu, kanisani au mwenyewe nyumbani?

Njia zote hizo zimetoa wapiga gitaa wazuri, na wengi wamepitia zaidi ya moja. Kwa anayeanza kabisa nashauri hivi: wiki za mwanzo kaa na mtu, hata kama ni mara moja tu kwa wiki. Si lazima awe na cheti. Makosa ya mwanzo ni rahisi kuyaona kuliko kuyasikia: kifundo cha mkono kimepinda, bega limepanda, kidole kinabonyeza katikati ya nafasi badala ya kukaribia chuma cha freti, yaani kile kichuma kinachokatiza shingo ya gitaa. Video haikuoni. Mtu aliyekaa mkabala nawe atakugusa kiwiko, atakwambia "shusha", na tabu imekwisha kabla haijawa mazoea.

Mkao ukishatulia, simu ni mwalimu mzuri kwa sababu haichoki kurudia. Kisha, mara tu ukijua kodi tatu au nne (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), tafuta watu wa kupiga nao: kwaya, rafiki mwenye kayamba, binamu anayeimba. Anayejifunza chumbani peke yake kwa mwaka mzima hujikuta anajua vipande vingi vya nyimbo na hawezi kumaliza wimbo mmoja na wenzake, kwani amezoea kusimama kila anapokosea. Ukipiga na wenzako huna nafasi ya kusimama. Wimbo unaenda, nawe unaufuata.

Kanisani pana faida nyingine: kuna mazoezi kila wiki na kuna siku ya kupiga mbele za watu. Kijana akijua kwamba Jumapili inamngoja, hafanyi uzembe.

Mwalimu nitampata wapi, na nitajuaje kama anafaa?

Wanamuziki wa bendi za hoteli ni hazina ambayo watu hawaikumbuki. Nyali, Bamburi, Shanzu na upande wa Diani kuna wapiga gitaa waliokaa jukwaani miaka na miaka. Wanajua rumba, bango, rege na nyimbo za wageni, na wanaweza kuhamisha wimbo kutoka sauti moja hadi nyingine papo kwa papo. Kati ya Aprili na Juni, masika yanapoingia na wageni kupungua, wengi wao huwa na nafasi. Nenda kwa adabu, msubiri amalize kupiga, mwamkie, kisha mweleze haja yako. Wengine ni walimu wa muziki mashuleni wanaofundisha jioni nyumbani kwao.

Kumpima, lipia somo moja kwanza. Akitumia saa nzima kukuonyesha umahiri wake wakati gitaa lako liko mapajani halijaguswa, tafuta mwingine. Mwalimu mzuri husikiliza zaidi ya anavyopiga, na hukuachia zoezi moja au mawili, si kumi. Mwambie pia unachotaka wewe. Kama hamu yako ni kumsindikiza mtu anayeimba, huna haja ya kuanza na mtu anayejua soloo za roki tu.

Mzazi anayetaka mtoto apate vyeti ajue kwamba mitihani ya gitaa ya ABRSM na ya Trinity, bodi mbili za mitihani ya muziki za Uingereza, hufanyika Kenya. Njia hiyo hukaza nidhamu na kusoma noti. Haimfai kila mtoto.

Nikijifunza kwa simu, nifuate nini?

Fuata mtu mmoja, na mpango mmoja, hadi mwisho wa ngazi ya kwanza. Tatizo kubwa la YouTube ni wingi: leo huyu, kesho yule, na wiki inakwisha umetazama gitaa zaidi ya ulivyolipiga. Tovuti ya JustinGuitar ya Justin Sandercoe ina masomo ya bure yaliyopangwa hatua kwa hatua, na Kiingereza chake ni chepesi. Programu kama Yousician husikiliza kwa maikrofoni ya simu na kukuambia kama umepiga sawa, ila toleo la bure lina mipaka, na hata la kulipia halioni mkao wako.

Mambo mawili ya kukusaidia. Video ya YouTube inaweza kupunguzwa kasi hadi 0.75 au 0.5 bila sauti kushuka, hivyo usipambane na kasi ya bwana mkubwa. Na kama bando linakubana, pakua somo moja ukiwa kwenye waifai, uishi nalo wiki nzima.

Ninunue gitaa gani?

Lenye kubonyezeka. Hilo kwanza, jina la kampuni baadaye. Magitaa mengi ya bei ya chini yana nyuzi zilizo juu mno kutoka kwenye shingo, na mwanafunzi hudhani vidole vyake ni dhaifu ilhali ubovu uko kwenye chombo.

Ukiwa dukani au kwa mtu anayeuza la mkononi, fanya hivi. Chukua kadi tatu za ATM, kila moja ina unene wa takriban milimita 0.76. Zilaze pamoja juu ya freti ya 12, chini ya uzi mnene kuliko wote. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, kadi tatu zikiingia na kuugusa uzi kidogo, urefu uko sawa. Zikiingia tano na bado pana nafasi, liache, au dai punguzo la kumlipa fundi wa kulishusha. Gitaa la nailoni huwa juu zaidi kidogo, kadi nne au tano ni kawaida.

Kisha liinue, funga jicho moja, tazama shingo kutoka kichwani kuelekea kwenye tumbo la gitaa. Iwe imenyooka, au ipinde kidogo tu kwa ndani. Ikijisokota, usiichukue hata kwa bure. Mwisho bonyeza kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine, usikilize kama panatoka mvumo wa waya unaogusa chuma. Kazi hii ni ya dakika chache. Muuzaji akikuharakisha, tayari amekujibu.

Nailoni au chuma? Nailoni ni laini kwa vidole na ina shingo pana. Chuma kina mlio mkali unaofaa kucharaza. Kama huna uhakika na unanunua lako la kwanza, nachagua la chuma lenye nyuzi nyembamba, seti inayoanzia .010 au .011 (unene wa uzi mwembamba kwa inchi), kwa sababu nyimbo nyingi utakazotaka kupiga na wenzako zinalitaka.

Gitaa langu ni la nailoni. Naweza kulifunga nyuzi za chuma?

La, hasha. Seti ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, na ile ya nailoni karibu kilo 40. Daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gitaa, litang'oka, au tumbo litavimba. Nimeona magitaa mazuri yamekufa hivyo.

Hewa ya bahari inaharibu gitaa kweli?

Inaharibu, na wanaoandika vitabu vya gitaa huko ng'ambo mara nyingi huhofia ukavu, jambo ambalo si shida yetu. Gitaa la mbao hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Mombasa hupita 70 bila kujitahidi. Mbao hunywa unyevu huo, tumbo la gitaa huinuka, daraja huinuka nalo, na nyuzi hukaa juu. Ndiyo maana gitaa lililokuwa laini Januari linaweza kuwa gumu mwezi wa Mei. Chumvi nayo hula nyuzi: ukikaa karibu na ufuo, seti mpya ya chuma inaweza kuanza kushika kutu ndani ya wiki chache.

Dawa yake haina gharama. Kila ukimaliza kupiga, chukua kitambaa kikavu cha pamba, kipitishe juu na chini ya kila uzi, uondoe jasho. Rudisha gitaa kwenye mfuko wake. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usivitupe, tia vitatu vinne ndani ya mfuko, uvibadilishe mara kwa mara kwa sababu hushiba. Usilitundike ukutani kwenye ukuta wa nje unaolowa masika. Na usiliache ndani ya gari juani, hata kwa muda wa kungoja feri ya Likoni: joto hulainisha gundi ya daraja, na daraja likianza kubanduka, mvutano wa nyuzi humalizia kazi.

Nyuzi zilizopakwa utando wa plastiki ni ghali kidogo lakini hapa kwetu zinalipa. Na kama unanunua kwa ajili ya nyumba isiyo na kiyoyozi, gitaa la plaiwudi lina faida: hupinda polepole kuliko la mbao tupu ya bei kubwa.

Nawezaje kutyuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, bila mwalimu?

Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Pakua programu ya kutyuni, GuitarTuna kwa mfano, piga uzi mmoja mmoja hadi ikukubalie. Lakini jifunze pia njia ya sikio, maana simu huzima. Nyuzi huhesabiwa kutoka mwembamba, wa 1, hadi mnene, wa 6. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 5, hapo unapata A, ulinganishe na uzi wa 5 ulio wazi. Endelea hivyo kushuka, ila ukifika uzi wa 3 bonyeza freti ya 4 ndipo upate B. Wiki za mwanzo itakusumbua. Usiache, kwa sababu sikio unalolijenga hapo ndilo utakalotumia baadaye kuzitambua kodi za wimbo redioni.

Tyuni kila unapokaa kupiga, si mara moja kwa wiki. Anayefanya mazoezi na gitaa lililolegea anafundisha sikio lake uongo.

Kodi zipi kwanza?

Em, kisha E na Am. E na Am zina umbo lilelile la vidole vitatu, unalisogeza tu uzi mmoja kuelekea chini. Ukitoka hapo ongeza G, C na D. Kwa hizo tatu za mwisho una wimbo: muziki mwingi wa dansi wa Afrika Mashariki, na nyimbo nyingi mno za kanisani, hutembea juu ya kodi tatu zenye uhusiano huo.

Kigumu si kodi yenyewe. Kigumu ni kuhama. Chagua mbili, weka saa ya dakika moja, hamisha kutoka moja hadi nyingine ukihesabu. Usijali sauti chafu siku ya kwanza. Ukifika kuhama mara 30 kwa dakika bila kutazama vidole, kodi hizo mbili ni zako.

Kodi nazijua lakini muziki hautoki. Kwa nini?

Kwa sababu ya mkono wa kulia. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Anayeanza huukodolea macho mkono wa kushoto, unaobonyeza, na kuuacha wa kulia uhangaike wenyewe. Lakini msikilizaji, na hasa mchezaji, husikia mkono wa kulia. Kodi moja iliyocharazwa kwa mapigo yaliyonyooka itamwinua mtu kitini. Kodi kumi za kifahari bila mapigo hazimwinui yeyote.

Fanya zoezi hili bila kodi yoyote. Laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi, wepesi tu, bila kubonyeza, zisitoe sauti ila "chak". Gonga mguu sakafuni. Kila mguu unapogusa chini, mkono wa kulia unashuka, na kila mguu unapoinuka, mkono unapanda. Mkono usisimame kamwe, hata pale usipogusa nyuzi, uendelee kupanda na kushuka hewani. Ukiweza hivyo dakika tano bila kupotea, anza kuruka baadhi ya mapigo: shuka, shuka-panda, pumzika-panda, shuka-panda. Mwite mtu wa nyumbani apige makofi. Mkipotezana, anza tena polepole zaidi.

Ndipo urudi kwenye kodi. Na ukichelewa kuhama, mkono wa kulia usingoje. Piga nyuzi wazi, piga "chak", lakini usivunje mwendo. Hapa ndipo mwanafunzi anageuka kuwa mpiga gitaa, na sijaona njia ya mkato.

Nataka kupiga muziki wa kwetu, si nyimbo za wageni tu. Nianzie wapi?

Kwa kusikiliza sana, na kwa majina machache. Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani aliyezaliwa 1924, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kulishika gitaa la umeme. Msikilize jinsi anavyoacha nafasi baina ya sauti. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi, aliimba kwa Kiswahili akipiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. George Mukabi wa Magharibi mwa Kenya alijenga mtindo wa omutibo: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inaimba juu. Vidole viwili, gitaa moja, na unasikia kama wapo watu wawili. Kwa anayeanza hii ni njia nzuri kuliko kukimbilia vidole vinne vya mtindo wa Kihispania.

Hapa Mombasa penyewe kuna bango, muziki wa harusi zetu unaohusishwa sana na mpiga saksafoni Joseph Ngala. Gitaa la rizim, lile linaloshikilia mapigo, kwenye bango si gumu kwa kodi, ni gumu kwa utulivu: linarudia jambo moja dakika nyingi bila kukimbia. Them Mushrooms, walioanza hapa hapa mwaka 1972, walichanganya rege, chakacha na benga, na ni mfano mzuri wa kusikia jinsi magitaa mawili yanavyogawana kazi.

Chakacha ina mapigo sita. Yahesabu kwa makofi kwanza, tatu-tatu, kisha mbili-mbili juu ya mwendo uleule, hadi usikie yote mawili pamoja. Akina mama wanaocheza harusini wanalijua hilo kiunoni bila kuhesabu. Kaa karibu na wapiga ngoma, utazame miguu ya wachezaji. Utajifunza zaidi ya video yoyote.

Babu yangu hupiga udi. Atanisaidia kwenye gitaa?

Sana, na una bahati. Udi hauna freti, kwa hiyo aliyeuzoea ana sikio kali na kidole kinachojua mahali pake. Mkono wake wa risha, yaani wa kile kijiti cha kupigia nyuzi, ni shule tosha: angalia anavyoshika, kifundo kilivyo legevu. Zein l'Abdin, mpiga udi mashuhuri aliyetoka Lamu na kuishi hapa Mombasa, alikuwa na mkono wa namna hiyo. Utakachokikosa ni zile sauti za katikati za maqamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu), ambazo freti za gitaa huzikata. Usilazimishe. Muombe babu akufundishe nyimbo za zamani sauti kwa sauti, uzitafute kwenye uzi mmoja wa gitaa. Fanya hivyo mapema, wakati yuko na nguvu.

Vidole vinauma. Nipumzike?

Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida, na sugu hujengeka ndani ya wiki mbili hadi nne ukipiga kidogo kila siku. Dakika 15 au 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Usipige mara tu baada ya kufua au kuogelea, ngozi ikiwa imelainika. Lakini maumivu ya kifundo, kiwiko au bega si ya kuvumilia. Acha, na urekebishwe mkao.

Binti yangu ana miaka saba. Ni mapema?

Si mapema ikiwa anataka yeye. Mtafutie gitaa dogo, nusu au robo tatu, la nailoni, maana la mtu mzima litamfundisha kujikunja. Mfundishe wimbo anaoujua tayari, kwa uzi mmoja. Kaa naye. Mtoto wa umri huo hafanyi mazoezi peke yake, na ukimwacha, gitaa litabaki kukusanya vumbi nyuma ya kabati.

Nina miaka hamsini na kitu. Nimechelewa?

Hujachelewa. Vidole vitachukua muda kidogo zaidi, ila mtu mzima ana subira na amesikia muziki mwingi. Anza na nailoni.

Mimi hutumia kushoto.

Jaribu kwanza gitaa la kawaida kwa wiki chache. Ukiona mkono wa kulia haushiki mapigo kabisa, nunua la kushoto. Kugeuza la kulia na kupindua nyuzi kunawezekana, lakini tandiko la daraja na la kichwani, yaani vipande vinavyobeba nyuzi, yafaa yarekebishwe na fundi.

Lazima nisome noti?

Kwa kuanza, hapana. Jifunze tablatura: mistari sita inayowakilisha nyuzi, na namba za freti juu yake. Ni kazi ya jioni moja. Noti utazihitaji ukitaka gitaa la kiklasiki au kazi za bendi zinazosoma karatasi.

Kodi ya F inanishinda.

Inashinda kila mtu. Tumia F ndogo ya nyuzi nne nyembamba huku ukijenga nguvu. Na ukilaza shahada juu ya nyuzi zote, izungushe kidogo, iguse kwa ubavu wake mgumu, si kwa nyama laini ya mbele. Vuta kwa mkono mzima kuelekea nyuma, usibane kwa gumba pekee. Kama nyuzi zako ziko juu mno, rudi kwenye zile kadi tatu: huenda tatizo si kidole.

Naishi nyumba ya kupanga, kuta ni nyembamba. Nifanyeje?

Ongea na majirani kabla ya kuanza, uwaambie saa utakazopiga. Nyamaza wakati wa adhana, na usiku baada ya watu kulala. Kitambaa kilichokunjwa kikitiwa chini ya nyuzi karibu na daraja hupunguza sauti sana, na zoezi la mkono wa kulia linafanyika vizuri hivyo. Ukiwa na gitaa la umeme, lipige bila spika. Linasikika chumbani mwako tu.